Moto Atakaoukubali Baba

Siku mliyoniaga mlinipa zawadi ya jiko la gesi, na Koplo Apio akasimama mbele ya watu akaniomba niandike kidogo kuhusu kazi yetu ya upishi jeshini, ili watakaokuja nyuma wasijifunze kwa kuungua kama sisi. Jiko nililipokea kwa mikono miwili. Limekaa sebuleni kwangu hapa Nkoma, limefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake mke wangu ameweka picha ya harusi ya binti yetu. Wageni wanalisifu sana. Kupika bado tunapikia nyuma ya nyumba, kwa kuni.

Kuhusu vyeo sitaandika. Niliingia jeshini bila cheo, nikatoka nacho, na sijaona hata siku moja cheo kikiivisha maharage. Nitaandika kuhusu moto na walionifundisha. Pia nitaandika kuhusu baba yangu, Mzee Wamono, ambaye kwa miaka yote niliyolisha watu alikuwa mtu mmoja tu niliyeshindwa kumlisha. Mlikuwa mkinicheka kila nikirudi kutoka likizo na uso uliokunjamana. Sasa mtajua sababu.

Mimi ni mtu wa Wanale, pale mlimani juu ya mji wa Mbale, ambako mvua haiombi ruhusa. Mtoto wa kwetu hujifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi kabla hajajifunza kufunga kamba za viatu. Nilipofika umri wangu nikasimama uwanjani kutahiriwa kama wanaume wote wa kabila letu la Bamasaba, mbele ya ukoo mzima, bila kupepesa jicho. Baba aliruka kwa furaha mpaka kofia ikamdondoka. Baada ya hapo nikaenda jeshini, na yeye akakitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe amekwenda kushika bunduki.

Siku ya kupangiwa kazi, sajini alitusimamisha kwenye mstari, mvua inanyesha, akauliza, "Nani hapa anajua kuwasha moto kwa mvua?"

Nilidhani ni kazi ya msituni, labda upelelezi, nikanyoosha mkono haraka kabla mwingine hajaniwahi.

"Wewe, toka mbele. Kwenda jikoni."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Sikupenda. Kule kwetu, kwa watu wa rika la baba yangu, mafiga ni ya mwanamke. Yale mawe matatu ni yake tangu siku anapoolewa, na mwanaume aliyetahiriwa hasogei pale hata kuwasha sigara. Anaomba aletewe kijinga cha moto nje. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kisu bila kulia, na sasa nikatumwa kulia machozi kwa ajili ya moshi na vitunguu.

Jikoni nilimkuta Sajini Opio, mtu wa Lira, mrefu, mwenye mikono iliyochoka kuungua kiasi kwamba alishika sufuria kwa vidole vitupu. Aliniangalia nikipanga kuni na kupuliza kwa nguvu zangu zote. Nikamwonyesha kwa fahari.

"Hii kitu naitwa nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

"Moto, Afande."

"Hapana. Hii ni moshi. Moto nakuja kesho, kama wewe nakaa hivi. Toa kuni yote. Anza tena."

Nilianza tena, na tena. Mchana nilikuwa na macho mekundu na nywele zina jivu, na askari waliokuja kuchukua chakula walinisalimia kwa heshima wakidhani ni mzee.

Opio ndiye aliyenifundisha mambo ambayo ninyi mnayaona ya kawaida. Kwamba kuni hupasuliwa nyembamba siyo kwa urembo, ni kwa sababu moto unataka kupumua. Kwamba kuni ya kalitusi huwaka kwa kelele na kufa mapema, kwa hiyo ni ya kuchemshia chai, siyo ya maharage. Kwamba mafuta ya taa yasikaribie jiko kabisa, maana posho, ule ugali wetu, hunywa harufu, na kikosi kizima kitakulaani mpaka jioni. "Sufuria hapana taka moto," alisema kila siku. "Sufuria nataka joto. Moto iko kwa macho yako tu." Alinifundisha pia kukausha nyama kwa moshi kama wanavyofanya kwao kaskazini, polepole, juu ya uchanja, mpaka inakuwa ngumu kama soli, halafu kuilainisha kwa odii, ile siagi ya karanga na simsim, yaani ufuta. Nyama ile ikichemka, hata walinzi wa getini walisogea jikoni kuuliza saa.

Nilianza kuipenda kazi. Sikusema, lakini niliipenda. Kuna raha kubwa kumwona mtu aliyekuja amenuna anaondoka anapiga mluzi, na wewe ndiye umemfanyia hivyo kwa chumvi na subira.

Likizo yangu ya kwanza nilikwenda nyumbani na habari zikanitangulia. Baba alikuwa amekaa nje, kahawa imeanikwa mbele yake. Sharti mjue jambo moja kuhusu baba: alizungumza nami Kimasaba siku zote, ila akikasirika alihamia Kiswahili, kwa sababu aliamini ndiyo lugha ya kuamrishia watu. Siku ile alinipokea kwa Kiswahili.

"Serikali nakupa bunduki ama mwiko?"

"Vyote viwili, Baba."

"Basi wewe naweka mwiko chini."

"Baba, ni kazi."

Akarudi Kimasaba, na hilo ndilo lililoniuma zaidi kwa sababu hakuwa na hasira tena. Alisema niwaachie askari posho yao, yeye hatakula chakula kilichopikwa na mkono wangu, maana akila atakuwa amekubali kwamba alizaa mwanaume wa mafiga. Mama alikuwa ndani ya jiko lake anasikiliza. Alitoka na chai, akaniwekea sukari nyingi kuliko kawaida, akaingia tena.

Ninyi vijana mnaweza kusema, si ungeacha? Lakini mimi ni mbishi kama yeye. Nikawaza hivi: kama tatizo ni yale mawe matatu, basi nitatafuta moto usio na mawe matatu. Dunia ni kubwa, watu ni wengi, haiwezekani wote wanapikia mafiga. Tangu siku ile, kila nilipojifunza aina ya moto nilijifunza kwa macho mawili, moja la kazi na moja la Wanale.

Nilianza na jambo rahisi. Likizo iliyofuata nilinunua sigiri mpya, lile jiko la makaa la udongo na bati, nikaliweka katikati ya uwanja mbali kabisa na jiko la mama, nikapika wali na nyama ya ng'ombe. Harufu ilifika barabarani. Baba alikuja, akazunguka sigiri kama anakagua ng'ombe wa mahari. Akainama.

"Sufuria imekaa juu ya nini?"

"Juu ya sigiri, Baba. Hakuna mafiga."

Akanyoosha fimbo yake, akagusa vile vijino vya juu vinavyobeba sufuria, kimoja, kingine, na kingine. Vilikuwa vitatu. Siku zote vilikuwa vitatu, na mimi niliyekuwa nikipikia sigiri kila siku sikuwahi kuviona.

"Haya mafiga nazaa mtoto," akasema, akaenda zake kwa jirani. Mama na mimi tulikula wali peke yetu, na mama alicheka mpaka akapaliwa.

Najua mtauliza kwa nini sikumchomea nyama tu, maana wanaume wa Uganda nzima wanasimama barabarani wanauza muchomo na hakuna anayewauliza kitu. Nilimchomea. Mbuzi, kwenye vijiti, na chumvi na ndimu. Alikula, akanyonya mifupa, akaomba vijiti vingine. Nikamwuliza, "Kwa hiyo Baba, leo umekula chakula changu?" Akajifuta mdomo akasema kuchoma siyo kupika, hata moto wa msituni unachoma, na hakuna aliyeuita mpishi.

Basi nikarudi kazini. Wakati ule nilikuwa nimehamishiwa Jinja, kwenye jiko la maafisa, na nilipanga chumba mtaa wa Kimaka. Huko ndiko nilipokutana na Hajji Swaibu. Yeye hakuwa askari, alikuwa mwoka mikate mjini, na nilitumwa kwake nijifunze ili maafisa wapate mkate wa moto asubuhi. Tanuri lake lilikuwa la matofali, limeviringika juu kama kichuguu, na mdomo mdogo mbele. Mahali pa sufuria hapakuwepo. Nilipoliona moyo wangu ulidunda, na wala si kwa ajili ya maafisa.

Hajji alizungumza Kiswahili kizuri, cha polepole, na alikuwa na uvumilivu ambao jeshi halikunipa. Kuni huwashwa ndani kabisa ya tanuri mpaka matofali yanashiba. Halafu makaa yote yanavutwa nje, sakafu inapanguswa kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti mrefu, na mdomo unazibwa kidogo ili joto litulie. Siku ya kwanza nilitaka kuingiza mikate papo hapo.

"Bwana Mafabi, una haraka ya nini?" akaniambia. "Tanuri haliamrishwi. Liache lifikiri."

Alirusha unga kiganja kimoja ndani. Ukageuka mweusi mara moja. Tukasubiri, tukanywa chai, akarusha tena, na safari hii unga ukawa wa kahawia taratibu. Ndipo akachukua beleshi lake la mbao. Hiyo ndiyo njia niliyowafundisha ninyi, na ninyi mkanunua kipimajoto. Sina ugomvi nanyi, ila kile kipimajoto kimeshakufa mara ngapi, na unga je?

Kwa Hajji kulikuwa na sheria moja: nguruwe na chochote cha nguruwe kisipite hata kivuli chake mbele ya tanuri. Sisi wengi ni Wakristo, na Krismasi inapokaribia kila afande hukumbuka nguruwe. Niliwahi kutumwa nimwombe Hajji atuokee. Nilikwenda kwake, nikanywa chai, nikazungumza habari za mvua, nikarudi nikasema tanuri limepasuka. Nadhani uongo wangu ulimfikia Hajji, kwa sababu jioni alitutumia mikate ya bure na salamu za tanuri lililopasuka.

Nilioka mikate mikubwa ya maziwa nikaifunga kwa taulo, nikaipeleka Wanale. Nilimweleza baba kila kitu: matofali, makaa, gunia, unga. Hakuna jiwe hata moja, hakuna sufuria. Alisikiliza vizuri. Akakata kipande kikubwa, akakichovya kwenye chai, akala, akakata kingine. Nikaanza kutabasamu.

"Mkate mzuri," alisema. "Umenunua duka gani?"

"Nimeuoka mimi, Baba."

"Acha uongo. Mkate haupikwi. Mkate unatoka dukani."

Nikamwapia. Nikamwonyesha mkono wangu uliobabuka. Akasema basi mwenye duka aliniuzia mkate na kuniunguza mkono pia. Alikula mikate ile siku mbili, akiwaambia wageni kwamba Jinja kuna duka zuri.

Baadaye tulipelekwa Somalia kulinda amani, na huko sitawachosha na habari za vita, maana hizo wengine wameshawasimulia na kuziongeza chumvi kuliko mimi ninavyotia kwenye maharage. Nitawaambia tu kuhusu mama mmoja aliyeoka muufo karibu na kambi. Muufo ni mkate wao wa mahindi. Tanuri lake lilikuwa mtungi wa udongo, moto chini, na yeye aliuinamia mdomo wa mtungi na kuubandika unga uliokandwa kwenye ukuta wa ndani kwa kiganja kitupu, pa! Mkate ulishika ukutani ukaiva ukiwa umesimama. Nilijaribu na wangu ukadondoka kwenye jivu. Alicheka, akaloweka mkono wangu kwenye maji, akanionyesha tena. Ukuta ukiwa wa baridi unga hauna pa kushika, ukiwa wa moto sana unaungua mgongo na tumbo bado bichi. Sikuwahi kuuweza vizuri. Ninamkumbuka kila nikiona mtu anajigamba jikoni.

Niliporudi Jinja tulipata mgeni, Meja Sione, mtu wa visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki, mpana kama mlango, mpole, asiyejua Kiswahili isipokuwa "asante" na "bado". Alichoka na posho yetu akaomba apike yeye. Akaomba jembe. Tukashangaa. Akachimba shimo nyuma ya jiko, akawasha kuni ndani, akapanga mawe juu ya kuni.

Mawe tulimletea sisi, kutoka ukingoni mwa mto Nile, mazuri, ya mviringo, yameoshwa na maji. Meja aliyatazama akatikisa kichwa na kusema "bado, bado". Vijana wakadhani anataka mengine zaidi, wakayaongeza. Moto uliposhika, jiwe la kwanza likapasuka kwa mlio wa risasi. Mnalijua jeshi: kabla mlio haujaisha, jiko zima lilikuwa limelala kifudifudi, na kapteni mmoja aliyekuwa akipita na sahani alilala juu ya wali wake. Meja peke yake alibaki amesimama, ametulia. "Bado," alisema. Ndipo tulipoelewa kwamba jiwe la mtoni lina maji ndani, na maji yakipata moto hutafuta njia ya kutoka. Mawe ya shimo yawe makavu, ya mlimani. Andikeni hilo ukutani.

Tulipobadilisha mawe, mambo yalikwenda vizuri. Mawe yakawa mekundu, kuni zikaisha, juu yake tukaweka majani ya migomba, kisha nyama na viazi na mihogo vimefungwa kwenye majani mengine, kisha majani tena, magunia mabichi, halafu udongo juu ya vyote. Hakuna moto wa kuonekana, hakuna moshi. Tulikaa juu ya chakula chetu tukicheza karata. Kilipofukuliwa, nyama ilitoka mfupani yenyewe, na nusu yetu tukasema ni ndugu wa luwombo, kile chakula cha Baganda cha kupikiwa kwenye majani. Meja alifurahi kusikia ana ndugu Uganda.

Mimi nilikuwa nawaza jambo lingine. Nilimpigia baba simu nikamweleza: hakuna sufuria, hakuna mafiga, moto umezikwa ardhini, na anayechimba ni mwanaume kwa jembe.

"Shimo," akasema. "Shimo ni kazi ya mwanaume. Njoo, tutaona."

Jamani, hilo lilikuwa jibu. Sikuwahi kupata jibu kama hilo. Nilichukua likizo, nikapanda Wanale na roho nyepesi, nikanunua mbuzi.

Asubuhi mapema nikaanza kuchimba mbele ya nyumba, karibu na migomba. Kwa kuwa mbuzi alikuwa wa kupikwa mzima mzima, nilichimba shimo refu kiasi cha mtu kulala. Pembeni nikawasha moto mkubwa wa kupashia mawe. Nikachinja mbuzi. Baba bado alikuwa ndani, amelala, maana usiku alikuwa na kikohozi. Mama alikuwa kisimani.

Ninyi wa mjini fikirini kidogo. Kwetu tunazikana nyumbani, uwanjani, karibu na migomba. Jirani anapita barabarani asubuhi, anamwona mtoto wa kiume wa Mzee Wamono, askari, amerudi ghafla, anachimba shimo refu mbele ya nyumba, moto mkubwa unawaka, mbuzi amechinjwa, na mzee mwenyewe haonekani.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja jirani, mikono kichwani, analia kwa sauti ya kupasua mlima. Kabla sijafungua mdomo wakaja wengine. Wanaume walikuja na majembe yao, wakaniondolea langu mkononi kwa upole, wakaniambia, "Pole sana, Mafabi, wewe kaa chini, hii si kazi ya mfiwa." Wakaanza kuongeza kina. Wanawake wakatandika mikeka. Kila nilipojaribu kueleza, mtu alinikumbatia uso wangu ukafunikwa kifuani kwake.

Baba akatoka ndani, amevaa koti lake juu ya nguo ya kulalia, akasimama mlangoni.

"Nani amekufa?" akauliza.

Yule mama jirani alimwona akapiga yowe la aina nyingine kabisa, akakimbia, na wengine nyuma yake mpaka kwenye shamba la kahawa. Waliporudi na kumgusa na kuhakikisha ni mtu wa nyama, kicheko kilianza, na kicheko kilidumu siku nzima. Shimo likafunikwa, likafukuliwa, chakula kikatoka kizuri ajabu, na waombolezaji walikula wote mpaka mifupa. Nilimtengea baba paja. Nililiweka mbele yake mwenyewe, nikapiga magoti nusu. Aliliangalia. Nilimwona akimeza mate, naapa.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amekasirika hata kidogo, "mimi siwezi kula kwenye matanga yangu mwenyewe."

Nani angembishia? Nilicheka pamoja na watu. Lakini nilipokuwa nikishuka kwenda Mbale kupanda gari nililia, kwa sababu safari hii alikuwa ametaka. Baada ya hapo niliacha kujaribu. Miaka ilikwenda, nikawafundisha ninyi, Opio akafa, Hajji akamwachia mwanawe tanuri. Nilipokwenda nyumbani nilikwenda na sukari na sabuni kama watoto wengine.

Sasa nimestaafu, nipo Nkoma, na Wanale ni mwendo mfupi wa boda. Juzi juzi mama aliteleza kwenye tope akavunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ndiye aliyekuwa akiwapikia, lakini akaitwa kwao kwenye msiba. Mama akanipigia simu.

"Njoo utusalimie. Ila usije na chakula. Baba yako amesema asimwone mtu na sahani."

"Sasa mnakula nini?"

"Njoo tu," akasema, na akakata.

Nilikwenda mchana, mikono mitupu. Boda ikaniacha njiani, na kutoka pale niliona moshi juu ya jiko la mama. Haukuwa moshi wa kupikia. Ulikuwa unatoka chini ya mabati kila upande, mwingi, mweupe, kilima kizima kinauona. Nikakimbia nikidhani jiko linaungua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Nani?" sauti ikauliza, ikakohoa.

"Mimi, Mafabi."

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Komeo likavutwa. "Ingia haraka. Funga mlango."

Baba alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, koti mwilini, kofia kichwani, machozi mpaka kwenye ndevu. Alikuwa amefunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia ili majirani wasimwone, na moshi ulikuwa karibu kumwua. Juu ya moto kulikuwa na chungu cha malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula ambacho mama anakipenda kuliko vyote. Siagi ya karanga ilikuwa imetiwa mapema mno na chini ilishaanza kuungua. Pembeni, kwenye jivu, alikuwa amefukia ndizi.

"Sipiki," akasema kabla sijauliza. "Naangalia moto."

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako hana mkono."

"Ndiyo, Baba."

Nilichuchumaa karibu naye. Harufu ya karanga zinazoungua hunilia kichwani kama kengele, ninyi mnanijua. Lakini nilijua kabisa: nikigusa chungu kile bila kuambiwa, mzee atatoka nje, na mama atalala njaa pamoja naye. Kwa hiyo niliweka mikono yangu kwapani nikaanza kuzungumza habari za moto tu. Nikasema kuni ile nene inaziba hewa. Akaivuta. Nikasema gunia la dirishani linarudisha moshi. Akafikiri, akasema niliondoe kidogo, upande wa migomba. Moshi ukapungua, moto ukasimama vizuri.

"Mzee, umeweka magadi?" mama akauliza kwa sauti kutoka nyumba kubwa.

Baba akaniangalia. Nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba chakula hakiyahitaji.

"Nimeweka!" akajibu.

Halafu akakohoa, akaugeuza mwiko mkononi mwake, akauangalia, akaninyooshea.

"Shika hii," akasema. "Nafuta macho."

Niliushika. Aligeukia ukuta, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta macho. Nilimimina malewa ya juu kwenye chungu kingine bila kukwangua chini, nikaongeza maji, nikatoa kuni mbili, nikakoroga siagi mpya kwa maji ya vuguvugu nikaitia polepole. Mzee alikuwa bado anafuta macho. Nikaonja, nikasubiri, nikaonja tena. Alifuta macho mpaka chakula kikaiva.

Tulikibeba pamoja, yeye chungu, mimi ndizi, tukapita uwanjani mbele ya kila jirani aliyetaka kuona. Mama aliketi kitandani. Nilimwekea tonge kwenye mkono wa kushoto. Akala taratibu, akamtazama mumewe, akanitazama mimi, macho yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Nani amepika?"

"Mimi," baba akasema.

Mama akachukua tonge la pili, akalitafuna bila haraka. "Wewe?"

Baba alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Sisi," akasema.

Akavuta sahani karibu naye, akanawa mikono, akamega ndizi, akachovya kwenye malewa, akala. Mimi sikuweza kula. Nilimtazama tu akila, kama mtu ambaye hajawahi kuona mzee akila. Alipangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha ndizi, ndipo akanigeukia, mdomo bado umejaa.

"Kesho njoo mapema," akasema. "Maharage yanachelewa kuiva."